Jina Lililo Ndani ya Makro ni la Nani?

Anayejifunza lugha yoyote ya programu ya ukoo wa Lisp huelewa makro, yaani msimbo unaotengeneza msimbo, baada ya mazoezi ya kutosha, na maeneo ya majina, yaani utaratibu wa kutenga majina ya faili moja na ya jingine, huyaelewa mapema zaidi. Taabu huanza pale viwili hivyo vinapokutana. Makro iliyofanya kazi vizuri ndani ya faili ilimoandikwa huhamishiwa katika faili la zana ili itumiwe na programu nzima, na kuanzia hapo kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo ili uendeshwe, huikataa au, jambo lililo baya zaidi, huikubali na programu ikatoa majibu ya uongo bila kulalamika. Nimeona vijana wenye uwezo mkubwa wakifika hapo na kuamua kwamba makro ni uchawi, kisha wakaziacha kabisa. Wanapoteza chombo kizuri kwa sababu ya swali moja ambalo hawakufundishwa kuliuliza: kila jina lililomo ndani ya makro limepewa mwenyewe lini, na katika eneo lipi?

Nitalijibu swali hilo kwa kutumia Clojure, lugha ambayo Rich Hickey aliitoa hadharani mwaka 2007 na ambayo huendeshwa juu ya mashine ya Java, kwa kuwa kanuni zake kuhusu majina ni chache na zimenyooka. Mifano nitaitoa katika programu ndogo ya kupokea samaki kwenye mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Ni kazi ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na mizani ya sangara anaweza kuikagua kwa akili yake mwenyewe, hata kama hajui Clojure.

Msimbo wa Lisp huandikwa kwa orodha. John McCarthy alipoanza kuibuni lugha hiyo mwaka 1958 katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitarajia kwamba watu wangeiandika kwa mtindo unaokaribia hesabu za kawaida, lakini walioitumia walizoea orodha zenye mabano na hawakurudi nyuma. Usemi (>= urefu 50) ni sharti kwamba urefu usipungue 50, na papo hapo ni orodha ya vitu vitatu: alama >=, alama urefu na namba 50. Kwa kuwa ni orodha, programu inaweza kuishika, kuikata, kuiongezea na kuitoa ikiwa msimbo mpya. Makro, ambazo Timothy Hart alizipendekeza kwa Lisp mwaka 1963, hufanya kazi hiyo hasa. Makro ni funksheni inayoitwa na kompaila kabla programu haijaanza kuendeshwa. Hupokea msimbo wa anayeiita ukiwa bado haujakokotolewa, na msimbo inaourudisha huwekwa mahali pa ule wa kwanza. Kitendo hicho tutakiita upanuzi.

Kazi nyingi hazihitaji makro, na funksheni ya kawaida ikitosha basi itumike. Iko lakini kazi ambayo funksheni haiwezi. Kanuni za uvuvi haziruhusu sangara mwenye urefu wa chini ya sentimita 50, kwa hiyo programu ya mapokezi lazima ikague urefu, na sharti likishindwa tunataka ujumbe wa kosa uonyeshe sharti lenyewe kama lilivyoandikwa, yaani (>= urefu 50), ili msimamizi ajue ni kipimo kipi kilichokataa. Funksheni hupokea matokeo tu: kweli au si kweli. Sharti likifika kwake limekwisha kukokotolewa na maandishi yake yamepotea. Makro hupokea orodha nzima, kwa hiyo inaweza kuikokotoa na pia kuichapa.

Tuanze na makro iliyoandikwa kwa njia ambayo mgeni angeiandika, ndani ya eneo la majina liitwalo mwalo.zana:

```
(ns mwalo.zana)

(defn andika-kosa [ujumbe]
  (throw (ex-info ujumbe {})))

(defmacro hakikisha [sharti]
  (list 'if sharti
        nil
        (list 'andika-kosa
              (str "Sharti limeshindwa: " (pr-str sharti)))))
```

Ndani ya faili hili kila kitu ni sawa. Ukiita (hakikisha (>= 38 50)), kompaila huweka mahali pake usemi wa if wenye sharti lako, na upande wa kushindwa huita andika-kosa, ambayo husimamisha kazi kwa kutupa kosa. Sasa mwenzako anafungua faili la mizani:

```
(ns mwalo.mizani
  (:require [mwalo.zana :as zana]))

(def daftari (atom []))

(defn andika-kosa [mzigo]
  (swap! daftari conj mzigo))

(defn pokea [urefu]
  (zana/hakikisha (>= urefu 50))
  (println "Amepokewa:" urefu))
```

Mwenzako naye ana funksheni iitwayo andika-kosa, na ana haki ya kuwa nayo, kwa sababu katika faili lake jina hilo lina maana nyingine: kuandika mzigo wenye kasoro katika daftari ili ushughulikiwe baadaye. Anaita (pokea 38). Sharti linashindwa, lakini andika-kosa inayoitwa ni ya mizani, si ya zana. Ujumbe wa kosa unaingizwa kimyakimya katika daftari kana kwamba ni mzigo, hakuna kinachosimama, na sangara wa sentimita 38 anapokewa. Programu haikutoa onyo lolote. Kama faili la mizani lisingekuwa na funksheni ya jina hilo, kompaila ingekataa kwa kusema kwamba haiijui andika-kosa, na kosa lingeonekana siku hiyohiyo. Bahati mbaya ya jina kufanana ndiyo iliyolificha.

Ili kuona kilichotokea, lazima tuseme kwa usahihi eneo la majina ni nini. Mwaloni hapa huwezi kuandika "Masanja" peke yake katika daftari la wanunuzi, kwa kuwa wako wengi. Anaandikwa Masanja wa Igombe au Masanja wa Kayenze, ingawa nyumbani kwake Kayenze hakuna anayehitaji kuongeza neno. Clojure hufanya hivyohivyo. Kila funksheni inayofafanuliwa kwa defn ina jina kamili lenye sehemu mbili zilizotengwa kwa mkwaju, kama vile mwalo.zana/andika-kosa na mwalo.mizani/andika-kosa, na hizo ni funksheni mbili ambazo hazina undugu wowote. Jina fupi, andika-kosa, halina mwenyewe mpaka kompaila ikague jedwali la eneo inalolifanyia kazi wakati huo na kuona linaelekea wapi. Mstari wa :require hapo juu uliongeza katika jedwali la mizani jina la mkato, zana, linalosimama badala ya mwalo.zana, haukuongeza kingine chochote.

Makro yetu ya kwanza ilitoa orodha yenye jina fupi. Orodha hiyo ilitua katikati ya faili la mizani, na kompaila, ikifanya kazi yake kwa uaminifu, ikalitafuta jina katika jedwali la mizani. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili lote. Msimbo unaotolewa na makro una makazi mawili: mahali ulipoandikwa na mahali unapotua. Majina ambayo mwandishi wa makro aliyaweka mwenyewe yanapaswa kumilikiwa na makazi ya kwanza, na majina yaliyoletwa na anayeita, kama urefu, yanapaswa kumilikiwa na makazi ya pili. Alama tupu haisemi ni ya upande upi.

Clojure ina nukuu maalumu kwa kazi hii, ile inayoandikwa kwa alama ndogo iliyoinamia kushoto, ambayo katika kibodi nyingi hukaa kwenye kitufe kimoja na alama ya wimbi. Nitaiita nukuu ya kiolezo, kwa sababu kinachofuata baada yake ni kiolezo cha msimbo, na alama ya wimbi ndani yake huonyesha matundu ambamo vitu vya anayeita vitapachikwa:

```
(defmacro hakikisha [sharti]
  `(if ~sharti
     nil
     (andika-kosa
       ~(str "Sharti limeshindwa: " (pr-str sharti)))))
```

Wengi huipenda nukuu hii kwa sababu inafupisha maandishi, na kweli inayafupisha, lakini faida yake kubwa ni nyingine. Kisomaji cha Clojure, ambacho ndicho sehemu inayogeuza maandishi ya faili kuwa orodha, kikikutana na nukuu hii hulichukua kila jina fupi lililo ndani yake na kuliandika upya kwa ukamilifu kwa kufuata jedwali la eneo linalosomwa wakati huo. Faili linalosomwa ni la zana, kwa hiyo andika-kosa inakuwa mwalo.zana/andika-kosa hapohapo, kabla faili la mizani halijafunguliwa, pengine kabla halijaandikwa. Ukiomba kuonyeshwa upanuzi kwa macroexpand-1, utaona:

```
(if (>= urefu 50)
  nil
  (mwalo.zana/andika-kosa
    "Sharti limeshindwa: (>= urefu 50)"))
```

Majina ya pande mbili sasa yamekaa kwa amani katika orodha moja. Jina andika-kosa limebeba ukoo wake, na popote litakapotua litamwita mwenyewe. Majina >= na urefu yalipitia tundu la wimbi bila kuguswa, yakabaki mafupi, na yatatafutiwa maana katika faili la mizani, kama mwandishi wa mizani alivyokusudia. Jina if limebaki fupi kwa sababu nyingine: ni miongoni mwa maumbo ya msingi ambayo kompaila inayajua yenyewe na ambayo hayamo katika eneo lolote. Kungekuwa na let, ungeona clojure.core/let, na jina la darasa la Java kama String lingeandikwa java.lang.String. Majina ya mkato nayo hufunguliwa: kama zana inaita clojure.string kwa mkato s, basi s/join iliyo ndani ya kiolezo hugeuka clojure.string/join, na haijalishi kama katika faili la mizani s ni mkato wa kitu kingine au haipo kabisa.

Ulinzi huu una tabia moja ya kuiangalia. Kisomaji kisipolipata jina katika jedwali, hakikatai. Hulipa tu ukoo wa eneo lililopo. Ukikosea herufi na kuandika andka-kosa ndani ya kiolezo, faili la zana litapita bila neno, na kosa litajitokeza kwenye faili la mtu atakayeiita makro, likisema hakuna kitu kiitwacho mwalo.zana/andka-kosa. Ujumbe unaolalamikia faili la mizani kwa jina la eneo la zana karibu kila mara maana yake ni kwamba kosa limo katika kiolezo, na aliyeita hana hatia.

Wakati wa kusoma una matokeo mengine yasiyotarajiwa. Toleo 1.7 la Clojure, lililotoka mwaka 2015, liliongeza funksheni iitwayo update katika clojure.core, na maktaba kadhaa zilizokuwa na update yao zikaanza kutoa maonyo. Fikiria faili ambalo makro yake inataja update katika mstari wa 10, na update ya faili hilo inafafanuliwa katika mstari wa 40. Kisomaji kikifika mstari wa 10, jedwali bado linaelekeza update kwenye clojure.core, kwa hiyo makro itafungwa na clojure.core/update milele, hata baada ya mstari wa 40 kubadili jedwali. Tiba ni kusema wazi mwanzoni mwa faili, kwa :refer-clojure pamoja na :exclude, kwamba jina hilo la clojure.core halitakiwi. Ukifanya hivyo, mstari wa 10 utalipata jina la kwenu, kwa kanuni ileile ya jina lisilopatikana kupewa ukoo wa eneo lililopo.

Hadi hapa tumezungumzia majina ya kudumu, yale yanayofafanuliwa kwa def na defn. Majina ya muda, ambayo let huyaanzisha na kuyafuta ndani ya usemi mmoja, yana hatari yao, na wengi hawaioni kwa sababu hayana eneo la majina hata kidogo.

Tuseme tunataka makro ya kukagua kwamba kipimo hakipungui kiwango, kisha ikirudishe kipimo hicho kiendelee kutumika. Jaribio la haraka lingekuwa hili:

```
(defmacro angalau [kiwango usemi]
  `(if (>= ~usemi ~kiwango)
     ~usemi
     (andika-kosa "Kipimo kimepungua")))
```

Mtu akiita (zana/angalau 5 (soma-mizani)), msimbo wa kusoma mizani utapachikwa mara mbili, kwa hiyo mizani itasomwa mara mbili: mara ya kwanza kukagua, mara ya pili kurudisha jibu. Mpakuzi akiondoa samaki mmoja katikati ya usomaji huo, uzito uliokaguliwa hautakuwa uzito unaoandikwa. Kwa hiyo lazima tukokotoe mara moja na kulipa jibu jina la muda. Aliyezoea orodha za kawaida atalazimisha jina tupu:

```
(defmacro angalau [kiwango usemi]
  `(let [~'thamani ~usemi]
     (if (>= ~'thamani ~kiwango)
       ~'thamani
       (andika-kosa "Kipimo kimepungua"))))
```

Alama ya wimbi ikifuatwa na nukuu ya kawaida humwambia kisomaji asilipe jina hilo ukoo wowote. Makro hii inapita majaribio yote mpaka siku ambayo anayeita naye ana jina la muda thamani linaloshika kiwango cha chini, akaandika (zana/angalau thamani (soma-mizani)). Kiwango chake kinapachikwa ndani ya let yetu, ambamo thamani sasa ni uzito uliosomwa. Usemi unakuwa (>= thamani thamani), ambao kwa uzito wowote ule ni kweli. Ukaguzi umekufa na hakuna aliyeuona ukifa.

Clojure imeweka kizuizi hapa, na ninaona ni mojawapo ya maamuzi mazuri zaidi katika lugha hiyo. Kama ungeandika thamani bila mbinu yoyote, nukuu ya kiolezo ingeligeuza kuwa mwalo.zana/thamani, na let haikubali jina lenye ukoo, kwa hiyo kompaila ingekataa. Mgeni huona usumbufu. Kwa kweli analindwa. Njia iliyokusudiwa ni kuweka alama ya # mwishoni mwa jina:

```
(defmacro angalau [kiwango usemi]
  `(let [thamani# ~usemi]
     (if (>= thamani# ~kiwango)
       thamani#
       (andika-kosa "Kipimo kimepungua"))))
```

Kisomaji hubuni jina ambalo hakuna binadamu angeliandika, mfano wa thamani__158__auto__, na kulitumia popote thamani# ilipo ndani ya kiolezo hicho. Sharti la "ndani ya kiolezo hicho" lishikwe kwa makini. Ukigawa makro katika violezo viwili, kwa mfano kimoja cha nje na kingine unachokitengeneza ndani ya tundu la wimbi, thamani# ya cha kwanza na thamani# ya cha pili ni majina mawili tofauti, na kompaila italalamika kwamba hailijui la pili. Katika hali hiyo unaita wewe mwenyewe gensym, funksheni inayobuni jina jipya la aina hiyo, ndani ya mwili wa makro, unalishika jina lililotoka, na kulipitisha kwa wimbi katika violezo vyote viwili.

Lugha nyingine za ukoo huu zimelishika tatizo hili kwa njia zao. Katika Common Lisp, ambayo kiwango chake rasmi cha ANSI kilitoka mwaka 1994, alama hupata makazi yake mara tu inaposomwa: kila alama imo katika paketi, ambayo ndiyo eneo la majina la lugha hiyo, iwe ndani ya makro au nje yake. Kwa hiyo andika-kosa ya paketi moja haiwezi kuchanganywa na ya paketi nyingine kwa bahati mbaya, lakini watu wawili wanaofanya kazi ndani ya paketi moja bado wanaweza kunyang'anyana majina ya muda, na gensym huandikwa kwa mkono. Scheme ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1986 Eugene Kohlbecker, Daniel Friedman, Matthias Felleisen na Bruce Duba walieleza namna ya kupanua makro ambamo kila jina linabaki na maana ya mahali lilipoandikwa, la muda na la kudumu pia, bila mwandishi kuweka alama yoyote. Utaratibu wa aina hiyo, syntax-rules, ukawa sehemu kamili ya kiwango cha Scheme kiitwacho R5RS mwaka 1998. Ni ulinzi kamili zaidi, na gharama yake ni kwamba makro inayotaka kwa makusudi kuleta jina kwa anayeita hulazimika kupita mlango mwingine. Clojure imesimama katikati: inakulinda usipofanya kitu, na inakuachia ~' unapojua unachofanya.

Kwa makro za kawaida, yaliyosemwa yanatosha. Yanayobaki ni ya anayeandika mwili wa makro wenye akili zaidi, unaochunguza mambo kabla ya kutoa kiolezo, kwa sababu mwili huo hauendeshwi wakati faili la zana linaposomwa. Unaendeshwa wakati faili la mizani linapokompailiwa, na saa hiyo kigezo *ns*, kinachosema eneo lililopo ni lipi, kinaelekeza mwalo.mizani. Kwa hiyo ukiandika (resolve 'andika-kosa), yaani ukiomba jina hilo litafutiwe mwenyewe, ndani ya mwili wa makro ukitarajia kupata funksheni ya zana, utapewa ya mizani. Ukilinukuu jina hilohilo kwa nukuu ya kiolezo, limekwisha kupewa ukoo wa zana wakati wa kusoma, na resolve italipata la kwenu. Maneno mawili yanayofanana katika mstari mmoja yanaweza kujibiwa na maeneo mawili tofauti, kwa sababu moja lilipewa mwenyewe katika usomaji na lingine linapewa katika upanuzi. Funguo zenye nukta pacha mbili hufuata upande wa usomaji: ::uzito iliyo katika faili la makro ni :mwalo.zana/uzito daima, na ::uzito aliyoiandika mtu wa mizani ni :mwalo.mizani/uzito, hata zikikutana katika upanuzi mmoja. Makro inayohifadhi kwa ufunguo mmoja na kumtegemea anayeita asome kwa ufunguo wa kwake itarudisha nil, yaani patupu, na aliyeita atatafuta kosa kwenye data badala ya kulitafuta kwenye majina.

Faragha ya majina pia hukwama hapa. Mtu mwenye nidhamu angependa andika-kosa iwe ya ndani ya zana tu, aifafanue kwa defn-. Makro ikishatua katika mizani, msimbo unaoiita andika-kosa unakompailiwa katika eneo la mizani, na kompaila hukataa kwa kusema kwamba jina hilo si la wazi. Upo ujanja wa kuita #'andika-kosa ndani ya kiolezo, nao hupita, kwa kuwa kuishika var yenyewe, yaani chombo kinachobeba funksheni chini ya jina lake kamili, kunaruhusiwa hata ikiwa ya faragha. Mimi naona ni afadhali kukiri ukweli ulivyo: funksheni inayotajwa na upanuzi wa makro ya wazi tayari inatumiwa na watu wa nje, kwa hiyo iachwe wazi, na jina lake lionyeshe kwamba ni msaidizi. Desturi ya wengi ni kuiita jina la makro na kuongeza nyota:

```
(defn hakikisha* [jaribu maandishi]
  (when-not (jaribu)
    (throw (ex-info (str "Sharti limeshindwa: " maandishi) {}))))

(defmacro hakikisha [sharti]
  `(hakikisha* (fn [] ~sharti) ~(pr-str sharti)))
```

Makro hii haifanyi chochote ila mambo mawili ambayo funksheni haiwezi: kulizuia sharti lisikokotolewe mapema, na kuyahifadhi maandishi yake. Kazi yote iliyobaki imo katika funksheni, na hapo kuna faida ambayo huonekana unapofanya kazi na programu iliyo hai. Upanuzi hufanyika mara moja, faili la mizani linapokompailiwa. Ukibadili makro ya zamani na kulipakia upya faili la zana peke yake, mizani itaendelea na upanuzi wa kale mpaka nayo ipakiwe upya. Ndiyo maana watu huapa kwamba wamerekebisha kosa na bado wanaliona. Ukibadili hakikisha* badala yake, kila anayeiita kwa kawaida hupata mpya papo hapo, kwa kuwa upanuzi una jina tu la funksheni, na jina hutazamwa wakati wa kuendeshwa. Kuna mahali pamoja pa kuwa mwangalifu: msimbo uliofungwa ndani ya fn hauwezi kuwa na recur, amri ya kurudia kitanzi, inayorudi kwenye kitanzi cha nje. Sharti la kukagua urefu wa samaki halitakuwa nayo, lakini makro inayopokea mwili mzima wa kazi inaweza kukutana nayo.

Kuhusu namna ya kuzileta makro katika faili lako, nina pendekezo moja tu: tumia :as na uandike zana/hakikisha. Kuleta majina yote kwa mkupuo kwa :refer :all kunafupisha maandishi, lakini anayesoma faili miezi kadhaa baadaye hataweza kujua kama hakikisha ni funksheni au makro, wala ilitoka wapi, na kwa makro swali hilo ni zito, kwa sababu linaamua kama alichokiandika ndani ya mabano kitakokotolewa mara moja, mara mbili, au hakitakokotolewa kabisa.

Makro inapokusumbua, acha kuisoma makro, usome upanuzi. Ingia kwanza katika eneo la anayeita kwa (in-ns 'mwalo.mizani), kwa kuwa macroexpand-1 nayo hutumia *ns*, kisha uipe usemi ulionukuliwa. Pitia orodha inayotoka jina kwa jina. Yenye mkwaju yana mwenyewe tayari. Kagua tu kwamba ukoo ni ule uliotaka. Yenye __auto__, au yaliyotoka kwa gensym, ni ya muda na hayawezi kumgusa mtu. Yanayobaki matupu yanapaswa kuwa maumbo ya msingi kama if na do, au majina ambayo aliyeita aliyaleta mwenyewe. Ukiona jina tupu ambalo halimo katika makundi hayo mawili, rudi kwenye makro ulitafute jina hilohilo: utalikuta limewekwa kwa nukuu ya kawaida, au kwa ~' ambayo mwandishi wake hakuihitaji.